Ukoo wa 9,699,690

Jumatatu, 30 Juni

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama: hesabu zangu bado zinaishi Butembo. Nilianza shule kule, ng'ambo ya mpaka, kwa Kifaransa, nikaja kuendelea hapa Kampala kwa Kiingereza, na namba hazikutaka kuhama nami. Mwalimu akiuliza saba mara nane, mimi narudi kwanza Butembo, nachukua cinquante-six, hamsini na sita ya Kifaransa, naivusha mpaka, naigeuza Kiingereza. Nikifika nayo darasani Jasper amekwisha kujibu na amekaa. Watu wanadhani mimi ni mpole. Si upole. Ni safari.

Naandika kwa Kiswahili kwa usalama. Jasper hakisomi, kwao Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Mdogo wangu Blandine anakisoma vizuri sana, kwa hiyo nabadilisha maficho.

Habari ya leo. Mwalimu Otema wa klabu ya hesabu ametangaza mashindano, Jumamosi, chuoni Kyambogo. Kila jozi ichague namba nzima moja, kubwa kuliko milioni, isimame nayo mbele ya majaji na kueleza ukoo wake. Alisema Muganda akikutana nawe atakuuliza ukoo wako kabla hujamaliza kusalimu, basi nasi tuziulize namba vivyo hivyo. Ni shufwa au witiri? Ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, au ina watoto? Watoto ni vigawanyo vyake. Wako wangapi? Ukiwajumlisha, wanampungukia mzazi au wanamzidi?

Jozi itakayoshinda italipiwa bweni la shule mpaka imalize masomo.

Kwangu bweni si kitu. Nalala kwetu karibu na soko la Kalerwe na nimezoea kelele. Kwa Adoch, msichana wa darasa letu, ndiyo kila kitu. Baba yake, Afande Olweny, ni sajenti wa polisi na amepewa uhamisho wa Moroto, mbali sana na hapa. Muhula ukifungwa, familia nzima inapanda lori. Adoch akipata bweni anabaki Kampala. Asipopata, Moroto, na shule yoyote atakayoikuta huko. Alinieleza haya huku akichonga penseli, kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.

Mwalimu alisema jozi zitafuata viti. Mimi nilikuwa nimekaa na mlango. Nikafanya mpango. Akumu, anayekaa na Adoch, nilimnunulia rolex, chapati yenye mayai mawili ndani na nyanya, ili anipe kiti chake. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nikahamia kwa Adoch. Akumu, badala ya kukaa na mlango, akahamia kwa Jasper, aliyekuwa naye hana mwenzake.

Sasa najuta. Nimekumbuka nikiwa njiani kwamba Jasper ndiye wa kwanza darasani kwa hesabu, na Akumu ndiye wa pili. Nimewaunganisha kwa mayai yangu mwenyewe.

Jumanne, 1 Julai

Kuchagua namba. Nilikuwa tayari. Nilimwambia Adoch imenijia usingizini: 12,112,009.

Aliinama, akagawa kwa saba, akapata 1,730,287 bila baki. Akasema, "Imekufa." Halafu akauliza kama najua kwamba yeye amezaliwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja, elfu mbili na tisa. Nikasema dunia ina mambo. Masikio yangu yalipata moto mpaka kengele ilipolia.

Jasper na Akumu wana 1,000,003. Ni tasa. Jasper anaitembeza shuleni kama mtu mwenye viatu vipya. Alinieleza mbele ya watu kwamba namba yake haina mtoto wala mjomba, "kama wewe, Mukongo, peke yako mjini." Akumu alicheka. Rolex yangu nayo ilicheka ndani yake.

Mimi nilitaka tutafute tasa kubwa kuliko yao. Adoch akakataa. Anaongea nami Kiswahili cha kambi ya polisi, kile alichokua nacho, na mimi namjibu kwa cha Butembo, na tunasikilizana kuliko tunavyosikilizana na Kiingereza. Akasema, "Wewe Mukongo, kwa kambi kitu ikikosa hatutafuti. Tunatengeneza."

Akaandika namba tasa nane za kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Akazizidisha zote pamoja. Ikatoka 9,699,690.

Sikujua namba inaweza kuwa na watu wengi hivyo. Kila kigawanyo chake unakipata kwa kuchagua kati ya wale mababu nane: huyu nimchukue au nimwache, na huyu, na huyu. Mbili mara mbili mara mbili, hivyo hivyo mpaka mbili zitimie nane. Vigawanyo 256. Hakuna babu aliyejirudia. Ukivijumlisha vyote isipokuwa namba yenyewe unapata 25,136,790, zaidi ya mara mbili ya mzazi. Mwalimu Otema anaita namba kama hiyo tele. Na tarakimu zake ni tisa, sita na sifuri tu, hakuna mgeni mwingine.

Adoch alisema, "Jasper iko na namba. Sisi tuko na kijiji."

Kazi tumegawana. Yeye hesabu, zote, kwenye karatasi zake. Mimi bango, kwa sababu nina mwandiko. Masista wa Butembo walinipa mwandiko huo kwa rula, kwenye vidole.

Jumatano, 2 Julai

Siku ya akili. Bango linataka tarakimu kubwa za kuonekana mpaka nyuma ya ukumbi. Mtu wa kawaida angechora moja moja. Mimi nikaona kwamba sita ukiipindua ni tisa. Nikakata umbo moja tu kwenye boksi la biskuti, nikawa naliweka, napaka rangi, naligeuza, napaka. Umbo moja, namba karibu nzima! Blandine akauliza kwa nini nisiandike tu kwa mkono. Nikamwambia haya ni mambo ya uhandisi. Akasema wahandisi hawapaki sakafu, akaenda zake.

Nimeligeuzageuza boksi mpaka kichwa kikageuka nacho. Lakini sasa iko ukutani, nyekundu: 9,969,690. Mama alirudi kutoka sokoni na sombe yake iliyobaki, majani ya muhogo anayouza, akasimama mlangoni, akasema inafanana na bango la bucha.

Nimehakikisha. Si kwa kugawa upya. Huko ni kupoteza siku. Nimetumia preuve par neuf, hakikisho la tisa, alilotufundisha Mwalimu Saverio kule Butembo na ambalo hapa hakuna anayelijua. Unachora msalaba, unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. Hesabu ya mwisho ya Adoch ilikuwa 510,510 mara 19. Ya kwanza inabaki 3, naandika juu ya msalaba. Ya pili inabaki 1, naandika chini. Tatu mara moja ni tatu, mkono wa kushoto. Kisha bango: 9 na 9 na 6 na 9 na 6 na 9 na 0 ni 48. Nne na nane, kumi na mbili. Moja na mbili, tatu. Mkono wa kulia. Kushoto tatu, kulia tatu. Msalaba umefunga.

Mwalimu Saverio alikuwa akisema aliyefunga msalaba na alale. Nimelala mchana.

Alhamisi, 3 Julai

Nilibeba bango shuleni. Jasper alinikuta langoni, akaomba kuliona, akainamisha kichwa upande. Akasema, "Mukongo, namba yenu imekaa vibaya."

Nikajua mara moja. Anatutisha. Nami nikamtisha. Nilimwambia kwa upole kwamba kule Butembo kila mtoto anajua 1,000,003 inagawanyika. Kwa namba gani, nimesahau. Tasa fulani, chini ya elfu moja. Rangi ilimtoka. Mchana hakula. Nilimwona chini ya ngazi na Akumu wakigawa, wakifuta, wakigawa. Sijafurahi hivyo tangu Pasaka.

Lakini Adoch naye alikuwa amesikia maneno ya Jasper. Wakati wa mapumziko akaniambia tukunjue bango tugawe tena. Akasema, "Hata kwa saba tu."

Nilikuwa na chaki mkononi. Ingekuwa dakika moja. Badala yake nikamchorea msalaba.

Hakuwahi kuuona. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza nani alinifundisha, nikasema ni mambo ya Kifaransa, na nilisema hivyo kana kwamba Kifaransa ni mjomba wangu. Akajichorea kiganjani kwa kalamu: tatu, moja, tatu, tatu. Halafu akanitazama vile watu wanavyomtazama Jasper. Mimi hajawahi mtu kunitazama hivyo. Kwa macho yale ningeweza kusema lolote, na nikalisema. Nilisema kugawa baada ya msalaba ni kama kupima kama kuku amekufa na huku umeshamnyonyoa.

Alicheka. Akakunja bango mwenyewe, akalifunga na utepe wa nywele zake.

Jumamosi, 5 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi wa Kyambogo ni mkubwa, na viti vyake vinalia ukikaa. Afande Olweny alikuja na sare yake, akakaa nyuma kabisa, kofia juu ya goti. Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mfupi, miwani juu ya paji, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Hiyo ndiyo ilinitia hofu.

Tulipanda. Mimi nilishika bango, Adoch akaongea. Aliongea Kiingereza kizuri sana. Alieleza mababu wanane, akaeleza watoto 256, akaeleza kwa nini ni tele. Watu wakaanza kusogea mbele kwenye viti. Nilimwona Mwalimu Otema akimgusa mwenzake begani.

Jaji akasema vizuri sana. Akaomba jambo dogo. Mbili, tatu na tano zinajionyesha zenyewe, akasema, lakini saba haina njia ya mkato; basi binti atugawie hapa ubaoni kwa saba, ukumbi uone.

Adoch alitabasamu. Akanakili kutoka kwenye bango: 9,969,690. Akagawa. Alipata 1,424,241, baki tatu.

Alifuta, akagawa tena. Baki tatu.

Jaji akasema, taratibu, ajaribu kumi na moja. Baki tano. Hapo mtu mmoja nyuma akaguna, na ule ukoo wote ukatawanyika mbele ya macho yangu. Walibaki mbili, tatu na tano, kama wazee walioshindwa kukimbia.

Karatasi za Adoch, alizonipa ili ninakili namba kwenye bango, zilikuwa kwenye mfuko wangu, pale pale. Nilizichungulia. 9,699,690. Yeye alikuwa sahihi kila mstari. Ni mimi, na boksi langu la biskuti: sita na tisa zimepishana nafasi. Sentensi moja ingetosha: kosa ni la bango, hesabu ni hizi hapa. Sentensi hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa tayari kwa Kifaransa, safi, na vituo vyake. Ilikuwa bado mpakani nilipomwona jaji anaandika sifuri.

Adoch hakunigeukia. Aliwaambia majaji, "Ni kosa letu." Letu. Akaweka chaki chini bila kuipigiza.

Jasper na Akumu wameshinda. Waligawa 1,000,003 kwa kila tasa iliyo chini ya elfu moja, zote 168, na hakuna iliyoigawa, na walileta kila mgawanyo umeandikwa. Jaji aliuliza nini kiliwafanya wawe waangalifu hivyo. Jasper akasema rafiki yake mmoja aliwapa wasiwasi. Akanionyesha kwa mkono mzima. Ukumbi ukanipigia makofi. Hayo ndiyo makofi niliyopata leo.

Nje, Afande Olweny alininunulia soda. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisema, "Kijana, mimi nafundisha watu bunduki miaka mingi. Mutu akikosa shabaha, hapana neno. Lakini wewe napiga ule iko pamoja na wewe." Akavaa kofia yake.

Adoch alikuwa anafuta kiganja kwa mate. Wino ulikuwa haujatoka vizuri. Alisema, "Nilikuomba saba tu, Mumbere."

Siku zote ananiita Mukongo.

Jumapili, 6 Julai

Nimekaa nyuma ya nyumba tangu misa. Nimeuona udhaifu wa msalaba, na ni wa kijinga sana. Tisa hujumlisha tu. Haijali nani ametangulia na nani amefuata. Ukiwapanga watu foleni upya, idadi ni ile ile. Nadhani Mwalimu Saverio alilieleza hilo. Nadhani ni wiki ile niliyokuwa na malaria.

Kwetu Wanande majina yenyewe ni namba. Mumbere ni mvulana wa kwanza. Mama alinikumbusha leo, akidhani ananituliza: wewe ni wa kwanza, hata ukishindwa. Nikamwambia Adoch atakwenda Moroto kwa sababu yangu. Mama akaacha kuchambua majani ya sombe. Akauliza kama nimemwomba msamaha. Nikasema ninapanga jinsi ya kumwomba. Akasema, "Mumbere wangu, usipange. Enda tu."

Sikuenda. Nilifika mpaka ukuta wa kambi yao ya polisi. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, si lao labda, lakini lilikuwa lori. Askari wa getini akaniuliza natafuta nani. Nikasema sitafuti mtu. Akasema basi nisitafutie pale.

Jumatatu, 7 Julai

Habari, na ni nzuri. Sistahili.

Mwalimu Otema hakulala juu ya jambo hili. Alizungumza na yule mama jaji. Jasper hataki bweni kwa sababu kwao ni hapa hapa Mengo, anatoka nyumbani kengele ikishalia. Nafasi yake iko wazi. Jaji amesema hahukumu tena kwa bango. Karatasi za hesabu za Adoch zenyewe zikimfikia kesho asubuhi, na kama ni sahihi, nafasi ni yake.

Ni sahihi. Na ninazo mimi. Bado ziko kwenye mfuko wangu.

Adoch alinifuata kwenye bomba la maji. Hakutabasamu, lakini alinisogelea, na hilo ni zaidi ya nilivyotegemea. Akasema, "Jioni nakuja na Baba kuchukua. Wewe leta karatasi tu. Hapana ongeza kitu." Nikaapa. Niliapa kwa Mama na kwa Blandine na kwa Butembo yote.

Nimefika nyumbani. Nimezitandaza mezani. Ni safi, mistari imenyooka, kila babu na mahali pake.

Lakini nimezitazama na nimeona shida. Namba hii jaji ameshaikuta. Ameiona ikianguka mbele ya ukumbi; hata iwe sahihi, itamkumbusha aibu. Adoch haoni hilo kwa sababu Adoch ni mtu mnyoofu. Inahitajika kitu cha kumshtua jaji, na mimi ninadaiwa kitu hicho. Babu wa tisa ni 23. Ukimwongeza, namba inakuwa 223,092,870, na ukoo unakuwa maradufu: vigawanyo 512! Jaji atafungua karatasi akitegemea kijiji, atakuta mji.

Tatizo lilikuwa nafasi. Adoch anaandika mpaka ukingoni. Kwa hiyo nimefuta ukurasa wa kwanza, na nusu ya wa pili, ili niandike upya kwa mwandiko wangu, ambao ni mzuri zaidi, na hapo katikati 19 ikashikamana na 17, na raba ikatoboa karatasi mahali pa saba. Si tatizo. Nitaijenga upya kwa kichwa. Nimekwama kidogo tu kwenye 13. Nimeipata kwa Kifaransa lakini haifanani na ya—

Viatu vizito barazani. Vyepesi nyuma yake. Nilidhani jioni ni baadaye.

Mama anasema karibu Afande, karibu mwanangu, Mumbere yuko ndani na karatasi zenu, tangu alipotoka shule hajanyanyua kichwa.

Nitasema ziko kwa Mwalimu. Nitasema Mwalimu alizitaka mapema. Ukurasa huu chini ya godoro, na karatasi chini ya godoro, na vumbi la raba nalipuliza, mlango unafungu